Siku Wivine Alipokata Intaneti ya Katoyi

Kila siku baada ya masomo, Wivine alipitia kwenye chumba cha intaneti cha mama yake, Marie-Louise, mtaani Katoyi mjini Goma. Alifagia vumbi jeusi la volkano lililoingia na viatu vya wateja, akafuta meza za kompyuta, kisha akafanya kazi zake za shule. Amri ilikuwa moja tu: asiguse kompyuta kubwa ya pembeni. Hiyo ndiyo iliyopokea intaneti kutoka kwenye antena ya paani na kuzigawia nyingine zote.

Ilikuwa miaka ile waasi walipopiga kambi karibu na mji, na simu zenye intaneti zilikuwa za wachache. Wateja walikuja hasa kusoma habari mbili: waasi wamefika wapi, na mlima Nyiragongo una hali gani.

Sasa kompyuta kubwa ilikuwa na tabia ya kuudhi. Antivirusi yake, yaani programu ya kuikinga na virusi, ililalamika kutwa nzima kwamba muda wake umekwisha. Wivine alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na malalamiko yale yalimtia aibu mbele ya wateja. Mwanafunzi mwenzake, Benny, akampa flashi yenye antivirusi mpya yenye picha ya simba.

Jumamosi asubuhi, mama alipokwenda soko la Kituku kununua samaki, Wivine aliifuta antivirusi ya zamani akaweka ile ya simba. Kompyuta ikazimika, ikawaka. Simba akanguruma. Intaneti ikatoweka.

Wivine alibonyeza hapa, akabonyeza pale. Alama ya mtandao ilionyesha kwamba kila kitu ni sawa, lakini hakuna ukurasa uliofunguka. Mteja wa kwanza, Papa Havugimana, alipoingia, Wivine alimwambia tu kwamba rezo, yaani mtandao, imekatika. Sijasema uongo, alijituliza moyoni, imekatika kweli.

Papa Havugimana akatoka na kutangaza barabarani kwamba waasi wameangusha antena za intaneti za mji. Mama Kahindo, muuza maandazi, akampinga: ni volkano, moshi wake umeziba rezo, na ndiyo maana mbuzi wake hajala tangu jana. Nusu ya mtaa ikawa upande wa waasi, nusu upande wa mbuzi. Hawa walitaka kukimbilia Sake, wale Gisenyi ng'ambo ya mpaka, ila wote walikubaliana kwamba lazima wakimbie. Magodoro yakapakiwa kwenye chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma. Muzee Sibomana akamfunga jogoo wake juu ya televisheni, kisha akabadili mawazo, akaifunga televisheni juu ya jogoo, hadi mkewe alipoingilia kati.

Mama Marie-Louise aliporudi alianza kuzifunga kompyuta kwa mablanketi. Akampigia simu fundi Onésime aje haraka kushusha antena kabla haijaporwa.

Mlangoni pa jirani, Koko Donatille alikuwa ameketi juu ya furushi lake. Bibi huyo aliwahi kuikimbia lava, akavikimbia na vita.

"Mutoto wangu," alimwambia Wivine, "safari hii miguu haitaweza. Ninyi muende, mimi nitabaki."

Wivine akarudi mbio kwa mama yake.

"Mama, si waasi wala volkano. Ni mimi. Niligusa kompyuta kubwa."

Mama aliliweka blanketi chini. Hakumpiga. Alimwuliza alifanya nini hasa, na Wivine akaeleza yote, hata habari za simba.

Onésime alifika na ngazi begani. Aliposikiliza kisa, akaiweka chini. Kwanza alichomoa waya wa antena, akauchomeka kwenye kompyuta nyingine. Kurasa zikafunguka mara moja. Basi antena ilikuwa nzima, na ugonjwa ulikuwa ndani ya kompyuta kubwa. Alieleza kwamba antivirusi ya zamani haikufutika yote. Kipande chake kinachochuja mtandao kilibaki, kikafunga njia bila bwana wa kukiamuru kifungue. Akakiondoa, akamwondoa na simba ambaye hakujulikana alikotoka, akarekebisha mipangilio ya mtandao, akawasha upya. Intaneti ikarudi. Mlima ulikuwa umetulia, na waasi hawakuwa wamesogea.

Mama akamtuma Wivine nyumba kwa nyumba akaeleze mwenyewe. Papa Havugimana alimkaripia vikali. Mama Kahindo alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba hata hivyo mbuzi wake hakosei. Kwa Koko Donatille, Wivine aliomba radhi huku ameinamisha kichwa, kisha akamrudishia furushi ndani na kumtandikia kitanda.

Jioni mama alimwita.

"Uligusa nilichokukataza, na kwa hilo nimekasirika," alisema. "Lakini kuharibu kitu, kila mutu anaweza. Asubuhi ungesema, Onésime angetengeneza kabla ya saa ya chai. Ulinyamaza, na watu wakajaza kimya chako kwa hofu zao wenyewe. Katika mji kama huu wetu, hofu iko karibu siku zote. Ukikosea, useme mapema, mwanangu, wakati kosa bado ni lako peke yako."