Dorika na Nakala ya Mikorosho Yake

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Dorika huzunguka shamba lake la mikorosho huko Makote, Newala. Hutazama mti mmoja mmoja, kisha huandika kwenye simu: upi umetoa maua mapema, upi umeshikwa na ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Ameandika hivyo miaka mitatu. Maandishi hayo ndiyo humwambia akate wapi vikonyo vya kubebeshea miche, yaani vijiti vya mti bora vinavyounganishwa kwenye miche michanga.

Siku moja alipulizia mikorosho dawa ya salfa huku simu ameifunga kwenye pindo la kanga. Vumbi la salfa likaingia hadi kwenye tundu la chaji. Simu ikaanza kujizima. Alipoiwasha, programu ya maandishi ikamletea tangazo: lipia kila mwezi, maandishi yaonekane kwenye vifaa vyako vyote.

Dorika akaingiwa na hofu. Asipolipa, miaka mitatu itapotea? Mumewe, Emmanuel, akamtania kwamba vifaa vyao vyote ni simu hiyo, simu yake ndogo ya kitochi na redio.

Dorika akaenda kwa jirani yao Faidha, mwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi Newala mjini.

“Shikamoo, dada Faidha.”

“Marahaba, Mama Yasinta,” Faidha akamwitikia kwa jina la mwanawe. “Naona simu nayo imepuliziwa.”

Faidha akamweleza kwamba yeye hulipia huduma hiyo. Huandika kwenye simu akiwa nyumbani, akifika dukani anayakuta maandishi kwenye kompyuta. Kwake inafaa.

“Wewe una simu moja. Yaende wapi?”

“Si yanatunzwa huko?” Dorika aliuliza.

Faidha akafuta mstari mmoja kwenye simu yake. Punde ukatoweka na kwenye kompyuta.

“Umeona? Ukikosea huku, na kule kumekosewa. Kuna programu zinazokuruhusu kurudisha, lakini si zote. Unachohitaji wewe ni nakala, iliyokaa mbali na simu.”

Wakatafuta kwenye programu ya Dorika sehemu ya kutoa maandishi yote kwa pamoja. Wakayatuma kwenye barua pepe ya Dorika, bila malipo zaidi ya bando.

“Nitajuaje kama yamefika yote?”

Faidha alilipenda swali hilo. Wakafungua nakala kwenye kompyuta. Maneno yalikuwepo, picha za miti hazikuwepo. Wakarudia, safari hii wakachagua na picha.

Tangu hapo, kila Jumamosi Dorika alituma nakala mpya. Miezi miwili baadaye simu ikafa kabisa. Akanunua nyingine Masasi, iliyotumika, akaingiza neno la siri la barua pepe yake. Nakala ikafunguka, maandishi na picha. Msimu wa kubebesha ulipofika, alikwenda moja kwa moja kwenye miti yake bora kukata vikonyo. Katika miche arobaini aliyoibebesha, thelathini na sita ilishika.

Siku ya kupanda, Emmanuel alisimama kando ya shimo la kwanza, mche mkononi.

“Andika kwanza, Mama Yasinta. Huu mama yake ni mti gani?”

Dorika akaandika. Kisha, kabla hajanawa mikono, akatuma nakala.