Kizibo cha Sabuni

Kila asubuhi ya likizo, kabla wageni hawajajaa ufukweni mwa ziwa, Sindano alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Alifunga vizibo. Mama yake alikodisha kayaki, ile mitumbwi myepesi ya plastiki inayoendeshwa kwa kasia la ncha mbili, na kila kayaki ina tundu dogo nyuma, karibu na mkia. Jioni vizibo hufunguliwa ili maji yaliyopenya yatoke, na asubuhi hurudishwa na kukazwa. Ukisahau kizibo, kayaki haizami papo hapo. Inakunywa maji kidogo kidogo, inakuwa nzito, inayumba, kisha inakubwaga bila hata kukuaga.

Jina la Sindano alilipata nyumbani, kwa sababu alikuwa mwembamba na ulimi wake ulichoma. Alikuwa na miaka kumi na miwili, lakini vidole vyake viliyajua yale matundu hata gizani. Mama alipita nyuma yake akikagua kwa macho tu. "Wewe nakuamini kuliko ninavyojiamini mwenyewe," alimwambia, na siku nzima Sindano alitembea kichwa juu.

Mambo yaliharibika alipokuja Bosi.

Bosi alikuwa mtoto wa mjomba wake, aliyemzidi mwaka mmoja. Bibi ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa alianza kuamrisha watu kabla hajajua kutembea. Likizo hii alikuja na kamera mpya, ile inayotema picha palepale ukiibonyeza. Alipiga kila kitu: wageni wakipakana mafuta migongoni, watoto wakijenga nyumba za mchanga, mama akibishana na mteja aliyepoteza kasia. Kila mtu aliipenda kamera ile, na Sindano naye, mpaka siku alipopinduka.

Siku hiyo alikuwa anaringa. Alisimama wima juu ya kayaki, mikono kiunoni, ili watu waone. Wakaona. Kayaki iliteleza upande, naye akaingia majini miguu juu. Alipoibuka, magugu yalikuwa yamemganda kichwani, kamasi zinaning'inia, mdomo wazi akitafuta pumzi. Bosi akabonyeza. Kabla Sindano hajajifuta uso, picha ilikwisha kubandikwa kwenye ubao wa bei mlangoni mwa kibanda, na chini yake Bosi aliandika kwa kalamu nene: KAMBARE WETU.

Wageni wakacheka. Hilo angelimeza. Lakini kesho yake walikuja wasichana wa darasani kwake kuogelea, wakasoma ubao, na walipoondoka Sindano hakuwa na jina jingine. Bibi peke yake ndiye aliyeitazama picha bila kucheka. "Mtoto alikuwa anatafuta pumzi," alisema. "Kichekesho kiko wapi?"

Sindano akamwendea mama, aliyekuwa akianika majaketi ya kuokolea. "Mama, mwambie aitoe."

Mama akaiangalia picha, akacheka mpaka akashika kiuno. "Ni picha tu, mwanangu. Mbona umependeza? Wateja wenyewe wanaipenda."

Kuchekwa na Bosi kuliuma. Kuchekwa na mama kulimchoma kabisa. Akamfuata Bosi nyuma ya kibanda.

"Itoe ile picha."

"Niombe kwa adabu," Bosi alisema. "Sema, tafadhali Bosi, mimi kambare nimekosa."

"Utaona."

"Nitaona nini?"

"Utaona tu."

Tangu saa ile Sindano alikula kisasi, akanywa kisasi. Kwanza alimtilia mchanga kwenye viatu. Bosi akaukung'uta huku anapiga mluzi. Akamfichia kofia, Bosi akaazima ya mgeni na ikampendeza zaidi. Haya yote yalikuwa ya kitoto. Sindano alitaka Bosi alowe mbele za watu, akoroge maji kwa mikono, apige kelele za kuomba msaada, na kamera yake iende chini kabisa wanakolala kambare wenyewe.

Akiwa anaosha vyombo, macho yake yaliangukia kipande cha sabuni ya kufulia, ya bluu. Vizibo navyo vilikuwa vya bluu. Alikata kipande kwa kisu, akakiviringisha mpaka kikalingana na kidole gumba, akakichongea kichwa. Akakitumbukiza kwenye ndoo. Alipomaliza sufuria ya mwisho, kilikuwa kimelainika na kuanza kumeguka. Sindano akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya picha. Bosi anajua kuogelea, alijiambia, na jaketi atavaa. Hatakufa. Atalowa tu.

Siku ya mapumziko ya familia ikafika. Siku hiyo hawakupokea wateja mpaka mchana, ili wao wenyewe waonje raha wanayowakodishia wengine. Bosi alikuwa ametangaza tangu jana kwamba angechukua kayaki ya njano, yenye viti viwili, aende peke yake hadi kwenye mawe akapige picha za ndege. Kiti cha mbele kingebeba mfuko wake.

Sindano alipiga magoti nyuma ya kayaki ya njano. Akasukuma sabuni kwenye tundu, akaibonyeza kwa gumba. Kizibo chenyewe akakitia mfukoni. Mama akapita.

"Vyote?"

"Vyote, mama."

Mama hakuangalia mara mbili. Sindano aliinama kuchukua kasia, kisha akainua uso. Bibi alikuwa anashuka mchangani, kanga imefungwa kibwebwe, amevaa jaketi ambalo vifungo vyake havikukutana kifuani. Bosi alimshika mkono, akamkalisha kiti cha mbele cha kayaki ya njano.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Kupigwa picha," Bibi alisema, uso umemchangamka. "Nimefua nguo kwenye maji haya tangu mama yako yuko mgongoni, lakini kutoka katikati sijawahi kuyaona. Huyu mwenzako kaniahidi."

"Panda na mama, Bibi. Ile nyekundu ni kubwa."

"Nikishakaa nimekaa. Kuninyanyua hapa mpaka mlete winchi."

"Jua kali."

"Jua hili ni rika langu. Sukuma, Bosi."

Wakasukumwa, wakaenda. Sindano akabaki na mdomo uliojaa maneno yasiyotoka. Akisema, mama atajua. Mama akijua, hatamwamini tena. Labda sabuni itashika. Labda Bosi atachoka mapema. Alisimama pale, mkono umekikaba kizibo mfukoni, akaiacha kayaki ipite boya la mwisho. Bibi hajui kuogelea hata hatua moja. Hilo Sindano alilijua tangu utotoni, na bado alisimama.

Kisha akaona mkia. Bibi alikuwa mzito, amekaa mbele, kwa hiyo nyuma ya kayaki ilipaswa kuinuka. Nyuma ilikuwa imeshuka.

"Mama," alisema. "Ile ya njano haina kizibo. Nimeweka sabuni."

Mama akageuka taratibu. "Rudia."

"Nimeweka sabuni. Nilitaka Bosi apinduke. Kizibo ninacho mimi."

Sindano alingoja kofi. Mama hakumpiga. Alibeba kamba, akaiburuta kayaki nyekundu mpaka majini. "Panda," alisema.

Walipiga kasia mpaka mabega yakawaka moto. Walipokaribia, Bosi alikuwa anahangaika, jasho linamtiririka. "Shangazi, imekuwa nzito. Haisikii kasia." Kayaki iliyumba kushoto, ikakawia kurudi. Bibi alikuwa ameshika kingo zote mbili, midomo inatikisika kwa dua.

"Weka kasia, Bosi. Usijigeuze," mama alisema. "Mama, tafadhali usinyanyuke."

"Ninyanyuke niende wapi?"

Sindano alikwisha kuingia majini. Tundu lilikuwa chini ya maji, na pande zake zimejaa utelezi wa sabuni. Alisukuma kizibo, kikamteleza. Alipokidaka, bega lake likagonga kayaki, ikainama upande, na Bibi akapiga ukelele ambao Sindano hakuwahi kuusikia kutoka kwake. Alivuta pumzi, akazama, akalitafuta tundu kwa kidole, akakisukuma kizibo, akakizungusha mpaka kikagoma. Mama akafunga kamba na kuwavuta. Sindano aliogelea nyuma njia nzima, mikono miwili imeushika mkia usiyumbe. Bosi aligeuza shingo akamwona, akaona na ute wa bluu uliomganda vidoleni. Akaelewa. Rangi ikamtoka usoni.

Ufukweni walimshusha Bibi polepole, wakamkalisha mchangani.

"Ulitaka nife?" Bosi aliuliza.

"Nilitaka ulowe. Nilitaka watu wakuone, kama ulivyofanya wanione mimi."

"Kwa ajili ya picha?"

"Wewe unaiita picha. Mimi darasa zima linaniita kambare."

Bosi akaugeukia ubao wa bei. Bibi ndiye aliyesema, tena kwa sauti ndogo.

"Na mimi nilikukosea nini, mjukuu wangu?"

 Sindano alikaa chini palepale akalia, na kisasi alichokilea kwa uangalifu vile kilimgeukia kikamtafuna yeye.

Mama alikwenda mlangoni mwa kibanda, akaibandua picha. "Kosa hili lina wenyewe watatu," alisema. "Bosi, mkuki kwa nguruwe. Kumdhalilisha mwenzako uliona kunachekesha mpaka maji yalipokufikia wewe. Mimi mtoto wangu alinijia na kilio, nikacheka. Angekuwa mteja analalamika, ningemsikiliza. Hapo nimekosea, na naomba radhi. Lakini wewe, Sindano, nilikuuliza, ukaniambia vyote."

"Nisamehe, mama. Nisamehe, Bibi." Alimgeukia Bosi. Hilo la tatu lilikuwa gumu kuliko mengine. "Nisamehe na wewe."

"Na mimi nisamehe," Bosi alisema, macho chini. "Nilipaswa kuitoa siku ileile uliponiambia."

"Msamaha umepokelewa," mama alisema. "Adhabu iko palepale. Kuanzia kesho vizibo atafunga Bosi. Na wewe, Sindano, utaijaribu kila kayaki kabla mgeni hajapanda. Utakaa tu. Hutageuka kuangalia nyuma."

Asubuhi Sindano alikaa kwenye kayaki ya njano, jaketi limefungwa vizuri, mama amesimama kando na kamba mkononi. Nyuma yake alisikia Bosi akipiga magoti. Bosi alichukua muda. Sindano alijua angefanya nini yeye kama angekuwa pale nyuma na hasira za jana, na kwa kulijua hilo, shingo ilimsisimka. Alitamani kugeuka. Akashika kasia kwa nguvu, akaangalia mbele.

"Tayari," Bosi alisema.

Akaenda hadi kwenye kina, akazunguka boya, akatulia akisikilizia kama kayaki inakuwa nzito. Mkia haukushuka. Aliporudi, mama aliishikilia kayaki kwa mkono mmoja ili asimame.

"Ulijisikiaje?"

"Niliogopa, mama. Mgongo wote."

"Hivyo ndivyo anavyokaa kila anayepanda hapa, ila yeye haogopi, kwa sababu anatuamini. Kizibo kiko nyuma yake, hakioni. Anatupa mgongo wake tumlindie. Ukiumizwa, sema. Nisipokusikia, sema tena, piga kelele, nenda kwa Bibi, nenda kwa mwalimu. Lakini mkono ulioaminiwa usilipie kisasi, maana kisasi hakiulizi nani kakaa kiti cha mbele."

Sindano akaitikia kwa kichwa. Mama akamwonyesha kwa kidevu.

"Haya. Bado ile nyekundu."

Bosi alikuwa tayari amepiga magoti nyuma ya kayaki nyekundu. Sindano akaenda, akakaa, akampa mgongo.