Mwezi wa Mnara

"Sipasuliwi mwezi wa Mnara," alisema Mwamba. "Nimeshasema. Usinizungushe tena."

"Mnara uko kwenye simu," mkewe alijibu bila kuondoa macho kwenye cherehani. "Ngiri iko kwenye nyonga yako."

Mwamba alikuwa fundi wa makabati. Watu walimpa jina la Mwamba kwa sababu alibeba kabati kama anayebeba mto. Sasa alikuwa na uvimbe kwenye nyonga. Akikohoa unatokeza, akilala unarudi ndani. Daktari alisema ni ngiri, ambayo wengine huiita henia, akampangia upasuaji wiki ijayo. Leo alitakiwa kwenda kupimwa. Begi lilikuwa mlangoni tangu asubuhi. Mwenye begi alikuwa kitini.

Kisa kilikuwa programu ya simu. Mwanzoni mwa mwaka aliiandikia jina lake na tarehe ya kuzaliwa. Ikamtolea karata za taroti, zile za picha ambazo watu hubashiria, moja kwa kila mwezi. Mwezi huu ulikuwa na picha ya mnara unaobomoka. Chini yake maneno: "Jihadhari na chuma. Ahirisha jambo kubwa."

"Chuma," alisema Mwamba. "Kisu cha daktari ni cha mbao?"

"Na msumeno wako je? Mbona hujauahirisha?"

"Msumeno naushika mwenyewe."

Mkewe alisimamisha cherehani. Alikuwa na silaha yake. "Basi na mimi nimeiweka programu hiyo kwenye simu yangu. Jina lako, tarehe yako, vilevile. Tazama mwezi huu. Jua. 'Tenda ulilolikwepa.' Haya, inuka."

"Hiyo umeitafuta wewe. Yangu ilikuja yenyewe."

Hapo aliingia jirani yao, muuguzi, aliyefuata sare yake iliyokuwa ikipunguzwa kiuno. "Hodi. Nawasikia tangu kwenye ngazi."

"Karibu, dada. Mwambie shemeji yako karata ya kweli ni ipi. Mnara au Jua?"

Muuguzi alizitazama simu zote mbili. "Hakuna."

"Hata Jua?" mke aliuliza. Jibu halikumpendeza.

"Hata Jua. Mtu mmoja, mwezi mmoja, majibu mawili. Programu inachanganya karata na kutoa yoyote, kama mtu anayechota maharage gizani. Maneno nayo yameandikwa mapana ili yamtoshe kila mtu. Leo atakwenda kwa sababu ya Jua, kesho atakimbia kwa sababu ya karata nyingine. Hebu tuiandikie cherehani."

"Cherehani?"

"Si ina umri? Ilinunuliwa lini?"

Wakaandika jina Cherehani na tarehe ya kununuliwa. Ikatoka karata ya Wapenzi. Muuguzi akasoma taratibu: "Mtu wa karibu atakuomba ndoa. Usikubali kwa haraka."

Mwamba aliangua kicheko. Mara mkono ukakimbilia nyonga na kicheko kikakatika. "Usinichekeshe, shemeji. Inauma."

"Ukilala inarudi ndani?"

"Bado inarudi."

"Siku ikikataa kurudi, ikawa ngumu, ikauma sana au ukatapika, hiyo ni dharura. Utumbo unaweza kunaswa ukakosa damu. Hapo hungoji tarehe, unakimbizwa hospitali saa ileile. Na ngiri ya mtu mzima haiponi yenyewe. Mkanda wa kuibana hauiponyi. Ndiyo maana wamekupangia mapema, ungali unatembea kwa miguu yako." Akavuta kigoda, akaketi. "Karata ukizichezea ukacheka, sina neno. Zikikushika mguu usiende hospitali, zifunge. Sasa niambie, shemeji. Kabla ya huo Mnara, ulikuwa unaogopa nini?"

Mwamba aliigeuza simu kifudifudi pajani.

"Kisu nitakivumilia," alisema. "Ni ule usingizi wa dawa. Nikishalala, nani atajua kama sirudi?"

Mkewe alikuwa na neno kali mdomoni. Akalimeza. Wiki nzima alikuwa akipigana na ubishi, kumbe ilikuwa hofu. Na hofu hakuwa ameiuliza hata swali moja.

"Swali hilo lina mwenyewe," alisema muuguzi. "Pale hospitali kuna mtaalamu wa dawa ya usingizi, na leo atakuona. Mwulize hivyohivyo ulivyotuuliza sisi. Mtajie dawa zote unazotumia, na zile zinazokudhuru. Akwambie pia siku hiyo uache kula na kunywa saa ngapi."

Mwamba alifungua simu, akaifuta programu. Kisha akainuka na kunyoosha mkono kwenye begi.

"Acha hapo," mkewe alisema, akalichukua yeye. "Mzigo umekufikisha hapa. Dada, sare utaichukua jioni."

"Jioni. Nendeni."

Hospitalini, mtaalamu wa usingizi alikuwa mama mfupi mwenye miwani. Alimpima Mwamba, akamuuliza mengi, kisha akamwambia naye aulize lake.

Mwamba alimtazama mkewe kwanza. "Nikilala, nani ataniangalia?"

"Mimi. Nitakaa karibu na kichwa chako, naangalia pumzi na moyo, mpaka uamke."

"Hutatoka hata kunywa chai?"

"Chai tutakunywa baadaye, wewe na mimi."

Mwamba akakunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko, akaunyoosha mezani. "Haya, mama. Toeni damu mpime."