Wimbo Ukitolewa Haurudi

"Mpisheni! Mume wangu huyo anaingia!"

Chigusa alikuwa amesimama, taulo amelinyanyua juu kwa mikono miwili, sauti imeshaanza kukauka na mchezo haujafika hata katikati. Kule chini, kwenye uwanja wa besiboli wa mji wa Okayama, mbele ya umati, kijana mwenye masikio makubwa alikuwa anatembea kwenda kupiga, kofia ngumu inamchezacheza kichwani kama sufuria ya kuazima.

"Mume yupi tena?" aliuliza mzee Kuwabara, jirani yake wa kiti, mdomo umejaa ngisi wa kuchoma. "Mwaka jana ulituambia ni yule mrushaji mrefu."

"Yule nimempa talaka. Ameshakuwa nyota, ana wake uwanja mzima."

"Na wa mwaka juzi?"

"Yule aliyekuwa akimwinamia mwamuzi kabla ya kila mpira? Mzee wangu, mwanamume mwenye adabu vile utamwachaje? Basi tu, aliumia bega, wakamrudisha kwao."

"Mjane kumbe! Pole."

Wakacheka wote wawili. Ndivyo Chigusa alivyokuwa. Kila mwaka miti ilipochanua na timu ya Korongo ikaleta wachezaji wapya, alichagua chipukizi mmoja akamwita mume wake wa mwaka. Hakuwa na nia nyingine. Wiki nzima alipiga pasi mashati ya watu kwa dobi. Siku ya mapumziko alitaka kumpenda mtu asiyemjua, kwa kelele, mbele za watu, kisha arudi nyumbani akapike.

Wa mwaka huu alikuwa Onodera, katoka shule juzi tu. Duka la timu lilikuwa halijaanza hata kuuza taulo za jina lake. Chigusa akanunua taulo jeupe, akalishona jina mwenyewe kwa uzi mwekundu.

Mzee Kuwabara alilitazama lile taulo, akainamisha kichwa upande mmoja.

"Hilo jina, hapo mwisho... mbona kama..."

Ngoma ikapigwa, maneno yake yakamezwa. Tarumbeta zikafuata. Ulikuwa ule wimbo wa wote, wanaopigiwa wapigaji wasio na wimbo wao. Kila mchezaji aliyeheshimika pale alikuwa na wimbo wake, ukipigwa unajua nani anaingia hata ukiwa chooni. Onodera hakuwa nao. Akazungusha gongo, akapiga hewa. Akazungusha tena, hewa. Akarudi zake ameinamisha masikio.

"Usijali, mume wangu!" Chigusa alipiga kelele. "Kesho ipo!"

"Chigusa." Sauti ilitoka nyuma yake. "Punguza. Watu wanacheka."

Alikuwa Tetsuro, kiongozi wa kikosi cha washangiliaji, kijiti cha ngoma bado mkononi. Ndiye aliyetunga nyimbo za wachezaji. Na ndiye aliyekuwa mchumba wa Chigusa, mwaka wa sita sasa.

"Wacheke, ndicho walicholipia," alisema Chigusa. "Mpe mume wangu wimbo wake, nami nitaimba badala ya kupiga kelele."

"Wimbo hauombwi. Mtu anaustahili. Na ukishapewa mchezaji haurudi, hata apige vibaya mwaka mzima. Ndiyo maana hatuzitoi ovyo."

"Sawa, kiongozi. Na mimi, nitastahili lini?"

Tetsuro alijua anaulizwa nini. Akateremsha sauti.

"Ngoja tuchukue ubingwa. Nilikuahidi nini?"

"Tarumbeta zote."

"Basi ngoja."

Ahadi yenyewe ilianza mwaka wao wa kwanza. Walikuwa ndani ya gari lake, mvua inanyesha, yeye akaanza kuvumisha wimbo mdomo umefumba. Haukuwa na maneno. Ulipanda taratibu, ukasita mahali kana kwamba umesahau kitu, kisha ukashuka kwa kasi.

"Wa nani huu?" Chigusa aliuliza.

"Huu sitampa mchezaji yeyote. Huu ni wa harusi yetu. Siku hiyo tarumbeta zote za kikosi zitaupiga, utaona."

Chigusa aliubeba wimbo ule moyoni miaka yote hiyo. Alipiga pasi kwa mwendo wake, na pale unaposita, naye alisita.

Jioni moja ya mwezi wa tano alikuwa ameshatandika meza kwa watu wawili, simu ikalia.

"Leo sitafika," alisema Tetsuro. "Kuna mkutano wa kikosi."

"Tena? Na juzi?"

"Msimu ndio huu, unataka nifanyeje?"

"Nimepika samaki uliyemtaka mwenyewe."

"Mpelekee Onodera. Si ndiye mumeo?"

Chigusa akacheka. Alidhani ni utani.

"Tetsuro, yule ni mtoto. Mimi nachekesha tu."

"Wewe unachekesha, mimi ndiye ninayechekwa. Mwanamke mzima, kila mwaka na kijana wake. Unafikiri mimi nasikiaje?"

"Nitaacha, kama linakuuma."

"Usiache. Nakwambia tu." Simu ikakatika.

Usiku ule hakula vizuri. Alijilaumu. Aliona pengine kweli amekosa adabu, na mtu wa watu anavumilia kimya kimya.

Mwezi wa sita Onodera alibadilika. Mipira mibaya akawa anaiacha ipite, anasubiri ule anaoutaka, kisha anauchapa. Mara moja aliipa timu ushindi na mchezo uko ukingoni. Maneno yakaanza kupita vitini: kijana atapewa wimbo.

Walimpa Jumapili, mchana, jua kali, muuza bia anapanda ngazi na pipa lake mgongoni. Onodera alipoitwa kupiga, washangiliaji wawili waliinua bango kubwa lenye maneno ya wimbo wake mpya ili watu wayasome. Uwanja ukanyamaza. Tarumbeta zikaanza.

Wimbo ukapanda taratibu. Ukasita mahali, kana kwamba umesahau kitu. Kisha ukashuka kwa kasi.

"Ahaa!" mzee Kuwabara alipiga paja. "Mtamu huo! Imba, binti, umepewa mumeo!"

Chigusa hakuimba. Taulo lilikuwa mapajani mwake, amelikamata kama mtu aliyeshika ukingo wa mtumbwi. Mzunguko wa pili uwanja ulishaukariri. Watu elfu ishirini wasiomjua walikuwa wanauimba wimbo wa harusi yake, nao walikuwa wanampungia kijana mwenye masikio.

Alimwandikia Tetsuro ujumbe.

"Huo ni wimbo wetu."

Jibu lilikuja wakati wa mapumziko.

"Ni wimbo tu. Nilidhani utafurahi. Si umekuwa ukimwombea?"

Mchezo ulipokwisha alishuka nyuma ya jukwaa, mahali kikosi kilipokuwa kikifunga vyombo. Ruriko, mpiga tarumbeta wa mbele, alikuwa anafuta chombo chake kwa kitambaa. Mwaka wa pili huu yumo kikosini, msichana mchangamfu ambaye Chigusa alizoea kumletea matonge ya wali.

"Mmepiga vizuri, Ruriko. Mmejifunza kwa siku ngapi?"

"Wenzangu wiki nzima, dada, wameusumbukia pale unaposita. Mimi nilikuwa naujua zamani."

"Zamani tangu lini?"

"Tangu baridi." Ruriko akatabasamu, macho kwenye kitambaa. "Alikuwa anauvumisha jikoni kwangu akikata vitunguu. Akasema ni wangu, nisimwambie mtu. Leo namuuliza mbona umeutoa, anasema timu kwanza."

Chigusa alibaki amesimama. Vijana walikuwa wanapita na ngoma, wanamwomba njia, naye anawapisha.

"Jikoni kwako," alisema.

Ruriko aliinua uso, akamwona vizuri. Kitambaa kikaacha kutembea.

"Dada... si mliachana? Aliniambia mmeachana kabla ya mwaka mpya. Kwamba mmebaki marafiki wa uwanjani, na wewe una... una wachezaji wako."

"Mimi nina wachezaji wangu."

"Ndivyo alivyosema."

Tetsuro alitokea kwenye kona amebeba bango. Aliwaona wawili wale, akasimama.

"Njoo," Chigusa alimwita kwa upole. "Njoo utusaidie. Huu wimbo ulikuwa wa nani? Mimi nimeambiwa ni wangu, na mwenzangu ameambiwa ni wake."

"Tusiongelee hapa."

"Tuongelee wapi, jikoni?"

"Chigusa, usijifanye malaika!" Alikuwa amepandisha sauti, watu wakageuka. "Wewe miaka yote unamwita huyu mume, unamwita yule mume, mbele yangu! Mimi nina moyo pia!"

Chigusa alifikiri kwanza, kama alivyofikiri kila jambo. Alipojibu hakupaza sauti.

"Mimi nilipiga kelele mbele ya watu elfu ishirini, Tetsuro. Na jioni nilikuwa nyumbani, nimepika. Wewe hukupiga kelele hata siku moja. Ulivumisha."

"Nilitaka kukwambia. Nilikuwa nangoja msimu uishe."

"Msimu gani?"

Tetsuro akalikunja bango. Ruriko alifunga tarumbeta yake mkobani, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi sikujua, dada." Chigusa akamwambia anajua. Kisha akapanda ngazi akaondoka.

Hakurudi uwanjani wiki nyingi. Dukani kwa dobi kulikuwa na redio, na Onodera alipotajwa aliizima. Haikusaidia. Wimbo ulikuwa mtaani. Watoto waliuimba wakitoka shule, kijana wa kuleta maziwa aliupiga mluzi mlangoni kwake.

Kisha mzee Kuwabara akampigia simu.

"Kiti chako nakiwekea begi langu. Begi halichekeshi, binti. Rudi."

"Siwezi kuusikia ule wimbo, mzee."

"Mimi sijui kilichotokea, wala sikuulizi. Ila mumeo siku hizi akiingia anatazama upande wetu. Anatafuta kitu."

Alikwenda mwisho wa mwezi wa nane, mapema, wachezaji wakiwa bado mazoezini. Alikuwa amekuja na taulo begani kwa mazoea. Kwenye wavu wa pembeni kijana mwenye masikio aliliona, akaacha kuokota mipira, akaja mbio. Akavua kofia, akainama.

"Dada, samahani. Wewe ndiye wa taulo la kushona?"

"Mimi."

"Nilitaka kukushukuru. Wakati sina wimbo, hilo taulo ndilo lililoninyoosha. Nilikuwa napiga kila kitu kinachokuja. Siku moja nikalisoma."

"Ukasoma jina lako."

Onodera akajikuna sikio, ameona haya. "Si jina hasa, dada. Jina langu linaishia na alama ya hekalu. Wewe pembeni yake uliongeza mistari. Kwa hiyo inasomeka 'ngoja.'"

Chigusa alilishusha taulo begani, akalitazama kama mara ya kwanza. Ilikuwa kweli. Katika maandishi ya Kijapani alama moja ni neno zima, na ile ya hekalu ambayo mtoto wa darasa la pili anaijua, yeye aliishona na nyongeza ubavuni, ikageuka neno jingine. Akakumbuka. Usiku alipolishona, simu ilikuwa imebanwa kati ya sikio na bega, Tetsuro anamwambia ngoja mkutano uishe, ngoja msimu uishe, ngoja. Mkono ulishona ulichosikia.

"Nilidhani ni ushauri," kijana aliendelea. "Nikaanza kuungoja mpira mzuri."

"Umekufaa."

"Sana! Na wimbo nikapata. Mama yangu huuimba akiosha vyombo. Hajui kuimba, anakosea pale unaposita, lakini kila siku." Akacheka, akainama tena, akakimbia.

Tetsuro alimkuta kitini mchezo ukiwa umeshaanza. Alikuwa amekonda. Mzee Kuwabara aligeuza uso kwenye ngisi wake.

"Ruriko ametoka kikosini," alisema. "Kwangu pia ametoka, tangu siku ile."

"Nimesikia."

"Nilikosa, Chigusa. Nitawaambia kikosi tuuondoe ule wimbo. Kijana nitamtungia mwingine, mzuri zaidi. Ule utarudi kuwa wetu. Ningoje msimu uishe tu."

"Wimbo ukishapewa mchezaji haurudi. Kanuni ya nani hiyo?"

"Niliiweka mimi. Naweza kuivunja."

"Kuvunja najua unaweza. Lakini mama yake anauimba akiosha vyombo. Utaenda kumnyang'anya? Jikoni za watu umezizoea, ila ile huijui njia yake."

"Chigusa, miaka sita..."

"Kiongozi!" kijana mmoja aliita kutoka juu. "Onodera anaingia! Ngoma!"

Tetsuro alisimama kidogo, kama anayetarajia kuzuiwa. Kisha akapanda ngazi kwenda kwenye ngoma yake, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuipiga.

Chigusa alikuwa ameinamia taulo. Aliuma uzi mwekundu kwa meno, akauvuta. Mstari wa kwanza wa ile nyongeza ukatoka, kisha wa pili.

"Unaharibu jina la watu," alisema mzee Kuwabara.

"Naondoa kilichozidi. Wewe uliona tangu siku ile?"

"Niliona. Nilidhani umekusudia." Ngoma ikalia, ikachelewa kidogo kuliko kawaida. "Haya simama, mumeo huyo!"

"Si mume wangu, mzee," alisema Chigusa. "Ni mtoto wa watu."

Akauvuta uzi wa mwisho, akautia mfukoni. Kwenye kitambaa vilibaki vitundu vidogo mahali neno lilipokuwa. Tarumbeta zikapanda taratibu. Alisimama, akalinyanyua taulo, na pale wimbo unaposita alisita pamoja na wengine wote, kisha akaimba.