Mlingoti Ulioita Majina

Haya yalimpata shangazi yangu Teklia. Mama yangu alikuwepo, na mpaka uzeeni hakupenda kuyasimulia.

Shamba lilikuwa la babu, huko Saskatchewan, Kanada. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, serikali ilimletea karatasi ahame, ikajenga uwanja wa ndege juu ya ngano yake. Vijana waliletwa kutoka ng'ambo kujifunza kurusha ndege. Kila asubuhi kipaza sauti kilichofungwa juu ya mlingoti kiliita majina yao, nao wakaitika na kwenda. Wengine hawakurudi. Ndege zilianguka mashambani kama bata waliopigwa risasi.

Vita vikaisha. Wanajeshi wakakata nyaya za kipaza sauti, wakaondoka. Shangazi na mumewe, Wasyl, wakarudi shambani, wakalima katikati ya njia za ndege, wakahifadhi ngano kwenye mabanda ya ndege yaliyoachwa.

Msimu wa kwanza wa mavuno, jirani yao Onufry alikuja kuwasaidia kupakia magunia. Mchana kweupe, kipaza sauti kikakoroma. Kikaita jina lake. Onufry akacheka. "Nipo!" akaitika, akatoka kuona nani anamtania. Walimkuta mwisho wa njia ya ndege, ameketi, amekufa, macho yakitazama juu.

Mwaka uliofuata aliitwa Wasyl. Alikuwa mezani, mdomo umejaa mkate, akaitika kwa mazoea tu. Krismasi haikumkuta.

Watu wakamwambia shangazi ahame. Padri naye akamwambia.

"Baba yangu alihamishwa na karatasi," akawajibu. "Mimi sihamishwi na sauti."

Asubuhi moja theluji ilikuwa imetoka kuanguka. Shangazi anakanda unga, mama anamenya viazi. Nje, kitu kikakoroma.

"Teklia Bodnarchuk. Banda la pili."

Kisu kikamponyoka mama. "Wifi," akanong'ona, "usiitike. Nakuomba."

Shangazi akafuta unga mikononi. Akavaa koti la Wasyl. Akachukua shoka.

"Wifi, unakwenda wapi?"

"Nimeitwa, sikuitika. Nakwenda kumwona aniitaye."

Mama akabaki dirishani. Theluji ilikuwa safi, haina hata alama ya sungura. Shangazi akaikata peke yake mpaka kwenye mlingoti. Nyaya zilining'inia, zimekatwa.

"Teklia Bodnarchuk."

Akapiga shoka la kwanza.

Sauti ikabadilika. Ikawa ya Wasyl.

"Teklia. Mke wangu. Njoo, nasikia baridi."

Shoka likasimama hewani. Mama aliona mabega ya wifi yake yakitikisika. Akajua analia. Akajua ataitika.

"Mwongo!" shangazi akapiga kelele. "Wasyl hajaniita 'mke wangu' hata siku moja! Aliniita Kichwa Kigumu! Hata kuiga hujui!"

Akapiga. Akapiga tena. Sauti ikaita majina mfululizo, ya Kiingereza, ya vijana, mengi, harakaharaka, kama mtu anayezama. Mlingoti ukalia. Ukaanguka.

Kimya.

Shangazi akarudi, akafunga mlango, akaendelea kukanda unga.

Baadaye mama akatazama tena nje. Kwenye theluji palikuwa na nyayo za viatu vya jeshi, safu mbilimbili, zikitoka banda la pili. Hapakuwa na nyayo za kuingia. Zilipita juu ya mlingoti, zikatoka langoni, na barabarani zikakoma.

Ila jozi moja. Hiyo ilikuwa imeacha safu, ikaja mpaka chini ya dirisha la jikoni. Ilisimama hapo, vidole vikielekea ukutani. Haikuondoka.

Mama akaonyesha kwa kidole.

Shangazi akazitazama nyayo muda mrefu. Kisha akafungua dirisha, baridi ikaingia, akaweka kipande cha mkate kwenye ukingo wake.

"Kama una njaa, kula," akasema. "Lakini hapa ni kwangu."

Walipoamka kesho yake, mkate haukuwepo. Kioo cha dirisha kilikuwa na alama ya kiganja cha mtu, kwa upande wa ndani.

Shangazi aliishi pale miaka arobaini zaidi. Kioo kile alikisugua kwa majivu kila Jumamosi, na kila Jumapili kiganja kilikuwa pale pale.