Kobe Asiyeona Haya

Kila alasiri, akishateka maji, Rosette hukimbilia chumba cha kompyuta nyuma ya kanisa, hapo katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Ana miaka kumi na miwili na kuchelewa hakupendi hata kidogo. Siku hiyo mwanamke mgeni, mtoto mgongoni na vumbi hadi kwenye nyusi, alimsimamisha bombani.

"Mutoto muzuri, mi natafuta bwana yangu Narcisse, fundi wa nguo. Tulipotezana wakati wa vita, kule Uvira. Unajua kwake?"

Rosette hakujua. Lakini kwao ilikuwa aibu kumwacha mgeni bila jibu, na aliwahi kusikia kwamba fundi fulani alihamia mjini.

"Alihamaka Lilongwe, mama, kule Nsungwi," alisema bila kupepesa macho. "Pikapu ya abiria iko pale ku barabara."

Mgeni huyo, Mama Douce, akamshukuru sana, akaenda zake.

Chumbani, Mwalimu Moïse aliwapa kazi ya kumwongoza kobe mdogo wa kwenye kompyuta hadi kwenye nyumba iliyochorwa pembeni. Rosette akaiwazia kuwa ya muuza vitenge wa hapo kambini, akaandika, "Nenda kwa Mama Orpa." Kobe hakusogea. Chini yake yakatokea maneno: SIJUI KUFANYA HIVYO.

Darasa zima likacheka. "Mwalimu, mashini hii haina haya!" Rosette alisema.

"Hiyo njo faida yake," mwalimu alijibu. "Isipojua, inasema. Kama ingejifanya inajua, kobe wetu angekuwa wapi sasa?"

Rosette alijua angekuwa wapi. Angekuwa njiani kwenda Nsungwi, mtoto mgongoni. Akaomba ruhusa, akatoka mbio.

Pikapu ilikuwa imeshawashwa. Mama Douce ameketi juu ya magunia, anamnyonyesha mtoto.

"Mama, shuka! Nisamehe, nilikudanganya. Mi sijui kwake. Lakini Mama Orpa anauza vitenge, mafundi wote anabajua. Twende tumuulize."

Mama Douce akamfunga mtoto mgongoni, akashuka. Kweli njia ya mwongo ni fupi, na hii, Mungu ashukuriwe, iliishia barabarani tu.

Mama Orpa aliposikia jina la Narcisse, aliacha vitenge vyake. Aliwashika mkono, akawapitisha vichochoro viwili. Chini ya turubai mwanamume alikuwa akishona sare ya shule. Aliinua uso, na cherehani ikanyamaza.

"Douce?"

Walilia wote, hata Mama Orpa, ambaye halii ovyo. Narcisse alimbeba mtoto wake, akawa anamshukuru Mungu na kila aliyesimama pale.

"Aksanti, Rosette," Mama Douce alisema.

"Usinishukuru, mama. Mi njo nilikupoteza."

Mama Douce akamvuta karibu. "Sikiliza, mwanangu. Kama ungesema hujui, ningeuliza mwingine. Uongo wako ulininyima hata kuuliza. Lakini ulinifuata ukasema 'sijui', na hiyo sijui yako njo imenifikisha kwa bwana yangu. Kwa hiyo aksanti, na uipokee."

Rosette akaipokea.