Kadi Iliyokataa Kuchanika

Niliishika ile kadi kwa mikono miwili nikajaribu kuichana.

Ikakataa!

Jamani, mwenzenu nilivuta mpaka kucha ikavunjika... kadi imenyooka tu, inaniangalia. Nene, nyeupe, pembe kali, maandishi ya zambarau yamekolea bila hata doa. Na chini kabisa, kwa herufi za madaha:

"Msimamizi wa mialiko: Griselda."

Griselda!! Wifi yangu!

Rosaura, aliyeniletea kadi, alikuwa amesimama mlangoni pangu kama mtu aliyekuja kutoa taarifa ya msiba.

"Komadre, usikasirike..."

"Nani kakasirika? Mimi nimekasirika?"

"Unaichana kadi ya mwanangu."

"Naipima unene!"

Ngoja niwaambie kwa nini roho iliniuma hivyo. Hapa Puebla, Meksiko, binti akitimiza miaka kumi na tano anafanyiwa sherehe ambayo harusi nyingine hazifui dafu. Na kila kitu kina msimamizi wake. Yupo wa keki, wa taji, wa viatu, wa mialiko. Majina yanasomwa ukumbini, mtu anasimama, anapigiwa makofi.

Sasa huyu binti, Citlali, ni mtoto wangu wa ubatizo. Mimi ndiye niliyembeba padri akimmwagia maji, na tangu siku hiyo mimi na mama yake Rosaura tunaitana komadre. Halafu kazi yangu ni ipi? Kutengeneza mialiko! Mtaa mzima, harusi, ubatizo, komunyo, zote zimetoka kwenye meza yangu ya kulia chakula. Citlali alikuwa hajaota hata meno ya mbele nilipojipa huo usimamizi.

Leo umekwenda kwa Griselda.

"Kwa nini, Rosaura? Nimekukosea nini?"

Akanitazama kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyoniua.

"Zako zilitoka na makunyanzi, Tencha. Nimpelekee padri mwaliko uliopinda?"

Na ilikuwa kweli.

Nilikuwa na printa ya zamani. Lidude likubwa, limepauka, likiwashwa linakohoa kwanza ndipo linanguruma. Citlali akiwa mdogo alilibandika stika ya kipepeo kwenye mfuniko. Unalilisha kadi kwa nyuma, moja moja, inapita moja kwa moja, inatokea mbele. Kadi nene kabisa ilipita humo kama mtu anayepita sebuleni kwake. Mimi wala sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilijua tu linachapa.

Ndipo Griselda akanunua printa mpya!

Anakaa nyumba ya kumi... hapana, hata kumi hazifiki. Ng'ambo ya barabara! Printa yenyewe nyembamba, nyeupe, inawaka taa ya bluu. Na lile boksi tupu aliliweka nje getini, picha ya printa imeelekea dirisha langu. Siku moja, siku ya pili... boksi lipo tu. Bahati mbaya? Msinidanganye!

Jumapili tukala mole, ule mchuzi mzito wa pilipili, kwa mama mkwe. Griselda akajifuta mdomo taratibu.

"Wifi, lile lidude lako bado lina kifua?"

Meza nzima ikacheka. Na Fermín, mume wangu, kaka yake, naye akacheka!

Sikulala vizuri. Kesho yake nikavuka barabara, nikasoma jina la printa kwenye lile boksi, nikaenda mjini.

Dada wa dukani alinipokea vizuri.

"Unachapa nini hasa, mama?"

"Nataka hii."

"Sawa, ila ni karatasi za kawaida, au una kadi nene? Maana hii..."

"Dada, nimesema HII!"

Angalieni wivu unavyoziba masikio. Yule dada alikuwa anataka kuniokoa, mimi nikamkatisha kama namfukuza nzi.

Siku nimefika nayo nyumbani, likapita gari la vyuma chakavu, lile lenye sauti ya mtoto wa kike kwenye spika, "magodoro, majiko, mafriji, chochote kibovu mnachouza..."

"Fermín! Toa lile lidude!"

"Una hakika, mke wangu?"

"Litupe! Sitaki kuliona!"

Akalibeba, akatoka nalo. Nikasikia gari likiondoka. Nikajiona mwanamke mpya.

Nikaweka kadi ya kwanza. Mashine mpya inachukua karatasi kutoka trei ya chini, mbele, inaipindua tumboni mwake, halafu inaitoa upande uleule. Karatasi ya kawaida haina shida, inapinda. Kadi nene je?

Kraaak!

Ikatoka imepinda kama kigae cha paa, pembe imetafunwa. Ya pili ikanasa humohumo. Nikajaribu karatasi nyembamba zaidi, ikapita, lakini ukiishika inalala kama leso. Rosaura alipokuja kuona nikamwambia ni unyevu wa hewa.

Unyevu wa hewa! Na nje jua linawaka!

Sasa mnaelewa hali niliyokuwa nayo nikiwa na ile kadi mkononi. Griselda ana printa ileile. Boksi lilelile! Yeye kawezaje? Ina maana mashine ileile inanidharau mimi inamheshimu yeye? Wivu ulinipanda mpaka kooni nikahisi ladha yake.

Nikavuka barabara na kadi mkononi. Sikubisha hodi.

Sebuleni, ile printa nyeupe ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Taa yake imezimwa. Haina hata waya.

Nikaduwaa. Kama hii imezimwa, kadi imechapwa na nini?

Ndipo nikasikia kutoka chumba cha nyuma...

Kho. Kho-kho. Nguruuu...

Nikaganda! Mama hakosei kikohozi cha mwanaye. Nikasukuma pazia.

Griselda alikuwa amepiga magoti sakafuni, nywele timutimu, wino mpaka kwenye paji la uso. Na mbele yake, juu ya stuli...

Stika ya kipepeo!

"MWIZI!!"

Akaruka.

"Mwizi nani? Ulilitupa mwenyewe!"

"Nililitupa kwenye gari, sikulitupa kwako!"

"Na mimi nililikimbiza hilo gari na kandambili, Tencha! Mpaka kona ya duka la tortilla! Mbwa wote wa mtaa nyuma yangu!"

"Na nani alikubebea? Maana wewe hata ndoo huwezi!"

Macho yake yakateleza kuelekea jikoni. Nikageuka.

Fermín alikuwa pale, ameshika mkate wa cemita ulioumwa nusu, shavu limejaa.

"Fermín!!"

Akameza kwa shida.

"Uliniambia nilitupe, mke wangu. Nililitupa kweli."

"Mbona liko hapa?"

"Hukusema nilitupe mbali."

Jamani! Nilitafuta cha kumrushia nikakuta nina kadi tu.

"Usiirushe hiyo!" Griselda akapiga kelele. "Hiyo ndiyo pekee!"

"Pekee kivipi?"

Akaanza kulia. Wifi yangu, mwenye ulimi wa wembe, akakaa sakafuni akalia kama mtoto. Akasogea, nikaona kilichokuwa nyuma yake. Rundo la kadi zilizoharibika! Nyingine zimepakaa wino, nyingine zimeingia mbilimbili, nyingine maandishi yamepanda juu ya maua.

"Hiyo moja ndiyo iliyotoka nzuri. Jina langu nilijiwekea tu, nikampelekea Rosaura akafurahi, akanipa usimamizi. Tangu hapo hakuna nyingine iliyokubali."

"Na printa yako ya taa ya bluu?"

"Ilikunja kadi siku ya kwanza. Unadhani boksi niliweka nje kwa nini? Nilitaka kuirudisha dukani. Wakanikatalia."

Boksi halikuwa la kunirusha roho! Lilikuwa linasubiri kurudishwa, na mimi nikalifuata kama mwongozo.

"Kwa nini hukuniambia, Griselda?"

"Nikwambie nini? Kila mwaliko mtaani, 'Tencha, Tencha.' Mimi kwenye sherehe naitwa kuosha masufuria. Nilikuonea wivu, haya, nimesema! Nikawaza nikipata mpya nitakupita. Kumbe uchawi ulikuwa kwenye lile lidude."

Sikiliza mdau. Hapo nilikuwa na nafasi. Nilijua alipokosea. Lile lidude halitaki kadi kwa rundo, linataka moja, uishike kwa vidole viwili mpaka lenyewe liikamate. Na kwenye kompyuta lazima uliambie kuwa karatasi ni nene, la sivyo linamwaga wino ovyo. Ningenyamaza tu, nikarudi nyumbani, Griselda angeaibika mbele ya mtaa mzima. Nilitamani. Nasema ukweli, nilitamani sana, hata nikapiga hatua mbili kuelekea mlangoni.

Kisha nikakiona tena kile kipepeo, kimebanduka bawa moja. Nikakumbuka kidole kidogo kilichokibandika, nikajiuliza ni nani hasa atakayekosa mialiko.

Nikarudi, nikapiga magoti.

"Sogea. Mimi nalisha, wewe pokea. Na usiguse wino kabla haujakauka!"

"Na mimi?" Fermín akauliza.

"Wewe osha masufuria."

Siku ya sherehe Citlali aliingia ukumbini na gauni la zambarau, nikalia mpaka wanja ukafika kidevuni. Wakasoma wasimamizi. Wa keki... wa taji... halafu:

"Wasimamizi wa mialiko: Griselda na Hortensia!"

Makofi! Hortensia ndiye mimi; Tencha ni kifupi tu. Nikasimama, tabasamu limenikauka. Mbona yeye kaanza?

Nikamfuata Rosaura kwenye meza ya keki.

"Komadre, mimi ndiye mama yake wa ubatizo. Jina langu lingekuwa la kwanza."

Akanikatia kipande, akanipa.

"Komadre, ile printa wewe uliitupa. Yeye aliikimbilia na kandambili."

Nikachukua keki yangu, nikarudi kukaa.

Ndugu zangu, ukienda kununua printa ya nyumbani na kazi yako ni kadi nene, beba kadi yako mwenyewe mkononi. Uliza inabeba kadi ya uzito wa gramu ngapi. Izungukie nyuma uone kama kadi inapita moja kwa moja au inapinduliwa tumboni. Na dada wa dukani akiuliza unachapa nini, mjibu! Usinunue boksi la jirani, hujui kwa nini liko nje.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliuacha, na wifi yangu akaukalia.

Lidude sasa tunapokezana. Wiki hii liko kwake, na kutoka dirishani nalisikia linavyokohoa. Halijawahi kunikoholea mimi kwa furaha namna hiyo.